Dedilaini zimepita na bado huna chuo Marekani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikifika Mei simu yangu haitulii. Mara mzazi, mara kijana mwenyewe, na wote wanaongea kwa sauti ya mtu anayeona wenzake wanapiga picha na fulana za vyuo vyao na yeye hajui pa kwenda. Nimekuwa nawasaidia vijana kujaza fomu za vyuo kwa miaka kadhaa sasa na maswali yanajirudia, ndo nikaona niyaweke yote hapa mtu asome kwa utulivu wake. Naongelea zaidi vyuo vya Marekani kwa wanaotaka kuanza shahada ya kwanza au chuo cha miaka miwili, Uingereza nimeigusa huko chini. Kama una haraka sana soma kwanza swali la orodha na swali la hela, mengine utarudi.

Hivi kweli kuna vyuo bado vinapokea watu baada ya Mei 1?

Vipo, tena vingi, na sio vya uchochoroni. Watu wengi wameielewa vibaya hii Mei mosi. Ni tarehe ambayo kwa desturi mwanafunzi aliyekubaliwa kwenye vyuo kadhaa anatakiwa awe ameshachagua kimoja na kulipa depositi yake, sio tarehe ambayo vyuo vyote vinaacha kupokea fomu. Vile vyuo vichache unavyovisikia kila siku kwenye habari, vinavyokataa karibu kila anayeaplai, hivyo ndo vinajaa mapema. Lakini Marekani ina vyuo maelfu, na vingi kati ya hivyo vinaingia kiangazi vikiwa na viti vitupu, vingine vinapokea fomu mpaka Agosti wiki moja kabla ya masomo kuanza.

Na hiyo tarehe yenyewe huwa inasogea mambo yakiharibika. Mwaka 2020 korona ilipoingia vyuo kibao viliisogeza mpaka Juni 1, halafu 2024 fomu mpya ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa hela wa serikali kuu, ilipochelewa na kujaa matatizo vyuo vingi vikasogeza tena, vingine Mei 15, vingine Juni.

Kwa nini chuo kibaki na nafasi? Si ina maana hakuna anayekitaka?

Hapana, na hili naomba ulielewe vizuri maana ndo linalowafanya watu waone aibu bure. Chuo kinapotoa barua za kukubali wanafunzi hakijui wangapi watakuja, kwa hiyo kinabahatisha kwa hesabu. Kikiwa na viti 500 hakikubali watu 500, kinakubali 1,500 au zaidi kwa sababu kinajua wengi wataenda kwingine. Harvard zaidi ya watu 80 kati ya kila 100 waliokubaliwa wanakuja, lakini vyuo vingi vya kawaida havifikishi hata nusu. Sasa mwaka ambao hesabu imekosewa kidogo tu, viti 60 au 100 vinabaki wazi, na kwa chuo kidogo kinachoishi kwa ada za wanafunzi viti 60 ni pengo kubwa sana kwenye bajeti. Juu ya hapo kuna wale waliolipa depositi halafu kiangazi wanapotea kimya kimya, hela haikutosha, familia imehama, au wametolewa kwenye orodha ya kusubiri ya chuo kingine. Kila anayeondoka anaacha kiti.

Kwa hiyo unapopiga simu Mei au Juni hauendi kuomba huruma. Wao pia wanamtafuta mtu kama wewe.

Orodha ya vyuo vyenye nafasi inapatikana wapi?

Inatolewa na NACAC, chama cha kitaifa cha washauri wa udahili Marekani, kilichoanzishwa 1937. Kila mwaka mwanzoni mwa Mei wanaweka kwenye tovuti yao orodha inayoitwa College Openings Update na wamekuwa wakifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Ni bure, huhitaji kuwa mwanachama, na inaendelea kubadilishwa kiangazi kinavyosonga, chuo kinaingia, kingine kinatoka kikijaa.

Ukiifungua usiangalie jina la chuo tu. Kila chuo kimejibu maswali manne: je kuna nafasi za wanafunzi wapya, je kuna nafasi za wanaohamia kutoka chuo kingine, je bado kuna msaada wa hela, na je bweni bado lina vitanda. Hayo mawili ya mwisho ndo watu wanayaruka halafu wanakuja kulia. Chuo kinaweza kuwa na kiti darasani lakini kitanda hakuna, na kama ni mji ambao kodi ya nyumba iko juu hicho kiti hakikusaidii kitu.

Ushauri wangu ni uifungue siku ile ile inapotoka, uchague vyuo kama kumi na tano, halafu uanze kupiga simu kesho yake asubuhi. Usingoje uwe na orodha iliyokamilika.

Chuo ninachokitaka hakipo kwenye hiyo orodha, basi tena?

Sio basi. Vyuo vinajiweka vyenyewe kwa hiari, na kuna vyuo vingi tu vyenye nafasi ambavyo havikujaza dodoso, au ofisi yao haikupenda jina lao lionekane pale. Vyuo vikuu vya majimbo hasa vile visivyo vya mji mkuu wa jimbo huwa havionekani sana na vinapokea watu mpaka mwishoni.

Tafuta vyuo vinavyopokea kwa mtindo wa kuendelea, yaani wanasoma fomu kadri zinavyoingia na kujibu bila kungoja siku moja maalumu, kwa Kiingereza utaona wameandika rolling admission. Kwenye Common App, ile fomu moja inayotumika kwa vyuo zaidi ya 1,000, kuna sehemu ya kutafuta vyuo kwa kuangalia dedilaini, ukichuja pale utaona vile ambavyo tarehe yao bado haijafika. Na kama chuo unachokipenda kimeandika tarehe iliyopita, piga simu uulize hivyo hivyo. Jibu baya kabisa utakaloambiwa ni hapana, na hapana tayari unayo.

Nipige simu au niandike imeli? Na niseme nini?

Piga simu kwanza, halafu imeli ifuate siku hiyo hiyo. Kiangazi ofisi za udahili zina watu wachache na imeli zinakaa, simu inakupa jibu hapo hapo.

Apige mwanafunzi mwenyewe. Wazazi wangu nisameheni lakini hili nalisema kila mwaka, mama akipiga simu badala ya mtoto yule wa upande wa pili anajiuliza mtoto yuko wapi na kama kweli anataka kuja. Mzazi akae pembeni na karatasi aandike yanayosemwa, hiyo ni kazi kubwa tosha.

Cha kusema ni kifupi. Jina lako, unamaliza au umemaliza sekondari wapi, unataka kuanza muhula wa Agosti, unapenda kusoma nini, halafu uliza moja kwa moja kama bado wanapokea fomu kwa wanafunzi wapya, kama skolashipu za chuo bado zipo kwa wanaochelewa, kama bweni lipo, na wanachukua siku ngapi kujibu. Omba kuondolewa ada ya fomu kama hela ni shida, mara nyingi wanaiondoa bila maneno mengi. Kabla hujakata uliza jina la uliyeongea naye, umwandikie yeye, kwa sababu kuanzia hapo huyo ndo mtu wako na ukimwandikia mara ya pili anakukumbuka.

Watakuuliza kwa nini umechelewa. Sema ukweli kwa sentensi mbili. Ulikataliwa kote, ulipata chuo ila hela haikutosha, ulikuwa unauguza mtu nyumbani, ulikuwa hujui taratibu, zote ni sababu wanazozisikia kila siku na hakuna atakayekucheka. Nilikuwa na kijana mmoja aliyetunga hadithi ndefu ya barua kupotea posta, afisa akamuuliza swali moja tu la kawaida, akababaika, na mpaka leo naamini angesema tu kwamba alikataliwa vyuo sita angepokelewa siku ile ile maana alama zake zilikuwa nzuri.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii kabisa ni kwamba shule yako ya sekondari nayo inafungwa. Mshauri wa shule anayetuma transkripti, yaani rekodi ya alama zako, na barua za mapendekezo anaenda likizo Juni, akishaenda unaweza kungoja mpaka Agosti. Kwa hiyo kabla shule haijafungwa omba transkripti kadhaa rasmi, muombe mwalimu mmoja au wawili waandike barua mapema, na uliza nani atabaki ofisini kiangazi. Kuna vijana wamekosa nafasi kwa sababu hii tu, chuo kimekubali, karatasi hakuna wa kuituma.

Kila mtu ananiambia niende community college. Si ni kushindwa huko?

Sio kushindwa, na naomba hilo neno tuliache. Vyuo hivi vya jamii vya miaka miwili vimekuwepo tangu 1901, cha kwanza kikiwa Joliet kule Illinois, na vilitengenezwa hasa kwa ajili ya mtu anayetaka kuanza sasa hivi karibu na nyumbani kwa ada ndogo. Vingi havikatai mtu, ukiwa na cheti cha sekondari unaingia, na usajili unaendelea mpaka siku chache kabla ya masomo. California peke yake ina 116, na hakuna mfumo mkubwa kuliko huo wa elimu ya juu Marekani nzima.

Cha kuangalia ni njia ya kutokea. Kabla hujajisajili uliza chuo hiki kina makubaliano ya kuhamisha wanafunzi na chuo kikuu gani, na masomo yapi yanahesabiwa huko. Kule California kuna mpango unaoitwa TAG ambao mwanafunzi wa chuo cha jamii akitimiza masharti anahakikishiwa nafasi kwenye kampasi moja kati ya sita za University of California, ambazo ni Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Majimbo mengine yana mipango yao ya namna hiyo. Ukijisajili masomo bila kujua unaelekea wapi unaweza kumaliza miaka miwili ukaambiwa nusu ya masomo hayahamishiki, na hapo ile ada ndogo inageuka kuwa ghali sana. Nenda kwa mshauri wa uhamisho wiki ya kwanza, sio mwaka wa pili.

Hela za msaada si zitakuwa zimeshaisha?

Zimeisha baadhi, sio zote, na inabidi ujue zipi ni zipi.

Pell Grant ya serikali kuu, yaani msaada usiorudishwa, haiishi kwa sababu umechelewa. Ukistahili, unapata, mradi umejaza FAFSA kabla ya dedilaini ya serikali kuu ambayo ni Juni 30 mwishoni mwa mwaka wa masomo wenyewe. Kwa mwaka wa masomo 2025 hadi 2026 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Mikopo ya serikali kuu nayo inafuata fomu hiyo hiyo. Kama ulishajaza FAFSA na kuorodhesha vyuo vingine huna haja ya kuanza upya, unaingia unaongeza chuo kipya, fomu inabeba mpaka vyuo 20. Wanaostahili ni raia, wenye green card, na makundi mengine machache yaliyotajwa kwenye fomu yenyewe, kwa hiyo soma pale kabla hujaamini neno la mtu.

Hela za majimbo ndo zenye haraka. Kila jimbo lina tarehe yake na mengine yanatoa mpaka mfuko uishe. Cal Grant ya California kawaida inataka uwe umeomba mwezi Machi, lakini kwa wanaoenda chuo cha jamii kuna nafasi ya pili mpaka Septemba 2, na wengi hawaijui.

Halafu kuna hela za chuo chenyewe. Hapa ndo panahitaji kuuliza bila aibu. Chuo chenye viti vitupu Juni mara nyingine kinakupa punguzo zuri kuliko ulilopewa kwingine Machi, mara nyingine kimemaliza kila senti, na kwenye tovuti hutajua, mpaka uulize. Usikubali nafasi kabla hujaona barua ya msaada iliyoandikwa, na ukiipata jumlisha gharama yote ya mwaka, yaani ada, bweni, chakula, bima na vitabu, halafu upunguze misaada isiyorudishwa tu. Mkopo usiuhesabu kama msaada. Barua nyingi zinachanganya mkopo na grant kwenye safu moja na jumla inaonekana nzuri, kumbe nusu yake ni deni. Kama kipato cha nyumbani kimebadilika tangu mwaka wa kodi waliouangalia, mzazi kaachishwa kazi, kafariki, kuna ugonjwa, andikia ofisi ya misaada ya fedha uombe waangalie upya, wana mamlaka ya kufanya hivyo kisheria.

Na kama baada ya hesabu zote pengo ni kubwa, kataa. Najua inauma kukataa chuo pekee kilichokukubali, lakini nimeona watu wakiacha shule mwaka wa pili wakiwa na deni na bila cheti, na hilo linauma kwa miaka mingi zaidi.

Niko nje ya Marekani na nahitaji viza. Bado nina muda?

Kwa muhula wa Agosti, ukianza mapema Mei inawezekana, ukianza Julai ni ngumu sana, nakwambia ukweli.

Tatizo kubwa huwa ni mlolongo wa karatasi, kila moja inasubiri iliyo mbele yake. Chuo kikukubali, uonyeshe uthibitisho wa hela za mwaka wa kwanza, ndo watoe I-20, ile fomu ya chuo unayoombea viza. Ukiipata unalipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, unajaza fomu ya kuomba viza ya DS-160, unalipa ada ya viza dola 185, halafu unatafuta miadi ya mahojiano ubalozini, na hiyo miadi ndo inaweza kuchukua wiki au miezi kutegemea ubalozi na msimu. Angalia foleni ya miadi kwanza kabla hujalipa depositi popote. Ukishapata viza ya mwanafunzi, F-1, unaruhusiwa kuingia si zaidi ya siku 30 kabla ya programu kuanza.

Hakikisha chuo kinaruhusiwa kutoa I-20, sio vyote vinaruhusiwa. Kwenye orodha ya NACAC au simu uliza wazi kama nafasi zilizobaki ni pamoja na wanafunzi wa kimataifa. Mtihani wa Kiingereza kama hujafanya, Duolingo English Test unafanyia nyumbani na majibu yanatoka ndani ya siku mbili, vyuo vingi wanaukubali ila uliza kwanza. FAFSA kwa mwenye viza ya F-1 haikuhusu, kwa hiyo msaada wako ni ule wa chuo chenyewe au mfadhili.

Mimi nikiulizwa Juni huwa namwambia mtu aombe Agosti lakini aulize hapo hapo kama wanaweza kumsogeza Januari bila kuomba upya. Vyuo vingi vinakubali na I-20 inatolewa upya kwa tarehe mpya.

Nimeshalipa depositi chuo kimoja, naweza kubadilisha nikiona kingine chenye unafuu?

Unaweza. Zamani kanuni za maadili za NACAC zilivizuia vyuo kuwafuata wanafunzi waliokwisha kuchagua kwingine baada ya Mei 1, lakini 2019 Wizara ya Sheria ya Marekani ilizipinga kwa madai kwamba zinaua ushindani, na chama kikaziondoa. Ndo maana siku hizi unaweza kupata imeli Juni kutoka chuo ulichokikataa, na ofa mpya ndani yake.

Depositi ya kwanza kawaida hairudi, ihesabu kama hela iliyokwenda. Na ukiamua kuhama waandikie wale wa kwanza mara moja. Usikae na depositi vyuo viwili ukingoja, kuna mtu mwingine anangoja kiti hicho hicho.

Ila kama ulikubaliwa kwa early decision, yale maombi ya kujifunga, usifanye hivi kabla ya kuongea na chuo hicho, ulisaini.

Niko kwenye orodha ya kusubiri ya chuo ninachokipenda sana. Nisubiri?

Subiri ukiwa na chuo kingine mkononi. Orodha za kusubiri zinaweza kuwa na watu mamia au maelfu na mwaka mwingine hachukuliwi hata mmoja. Waandikie barua moja fupi kwamba bado unawataka, ongeza alama mpya kama zipo, halafu endelea na maisha.

Nitajuaje sio chuo feki, au chuo kinachokaribia kufungwa?

Swali zuri sana na natamani wengi zaidi wangeliuliza. Kwa chuo feki, Wizara ya Elimu ya Marekani ina hifadhidata inayoitwa DAPIP inayoonyesha kila chuo na kimethibitishwa na nani. Tafuta jina huko, usitosheke na muhuri uliobandikwa kwenye tovuti ya chuo, kwa sababu kuna mashirika ya uthibitisho feki pia. Chuo ambacho hakimo humo hakiwezi kukupa hela za serikali kuu na vyuo vingine havitatambua masomo yake.

Kufungwa ni jambo jingine kabisa na linatokea kwa vyuo halali vyenye historia ndefu. University of the Arts ya Philadelphia ilitangaza mwisho wa Mei 2024 kwamba inafunga Juni 7, wiki moja tu, wanafunzi wapya walikuwa wameshalipa depositi zao. Birmingham-Southern kule Alabama kilifunga mwezi huo huo wa Mei. Kiti kitupu peke yake sio dalili ya ugonjwa, nimeshaeleza juu kwa nini, lakini viti vitupu kila mwaka kwa chuo kidogo cha binafsi ni jambo la kuulizia. Ingia College Navigator, tovuti ya serikali, uangalie idadi ya wanafunzi imepanda au imeshuka, angalia College Scorecard, nayo ya serikali, uone wangapi wanamaliza na wanalipwa kiasi gani baadaye, tafuta habari za karibuni za chuo pamoja na maneno kama kupunguza walimu au kufuta programu. Tena muulize afisa moja kwa moja kama shirika linalowathibitisha limewapa onyo lolote. Atakayejibu vizuri atajibu, atakayezunguka zunguka nawe umeshajua.

Kuna mtu anasema nimlipe anitafutie nafasi, yeye ana watu ndani. Ni kweli?

Usimlipe. Orodha ni bure, simu ni yako, na depositi inalipwa kwenye akaunti ya chuo kupitia ukurasa wa chuo chenyewe, haipiti kwa mtu.

Je nianze Januari, au nipumzike mwaka mzima niombe upya?

Januari naipenda zaidi kwa aliyechelewa sana, hasa kama tatizo ni viza au karatasi. Ubaya wake ni kwamba skolashipu nyingi zinapangwa kwa wanaoanza Agosti, na baadhi ya masomo yanaenda kwa mfuatano unaoanza Agosti, uhandisi na uuguzi kwa mfano, kwa hiyo uliza.

Kupumzika mwaka ni sawa kama una kitu cha kuufanyia, kazi, kozi, kurudia mtihani. Ila angalia mtego huu, ukichukua masomo ya chuo wakati wa huo mwaka, baadhi ya vyuo vitakuhesabu kama mwanafunzi anayehamia na sio mwanafunzi mpya, na skolashipu kubwa kawaida ni za wapya. Uliza masomo mangapi yanakubadilisha hadhi kabla hujajisajili hata moja.

Na Uingereza je?

Kule ni rahisi zaidi kwa mtu aliyechelewa kwa sababu mfumo ni mmoja nchi nzima, unaitwa Clearing na unaendeshwa na UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo huko. Unafunguka mwanzoni mwa Julai mpaka Oktoba, na ukiaplai baada ya Juni 30 unaingizwa humo moja kwa moja. Unatafuta kozi zenye nafasi kwenye tovuti yao, unapiga simu chuo na namba yako ya Clearing, wakikukubali kwa mdomo ndo unaongeza chaguo hilo kwenye akaunti. Unaweza kuongea na vyuo vingi lakini chaguo unaweka moja kwa wakati. Siku ya pilikapilika kubwa ni ile ya matokeo ya A-level katikati ya Agosti, simu zinaanza alfajiri. Anayehitaji viza ajue kwamba bila CAS, uthibitisho wa nafasi kutoka chuoni, hawezi kuomba, na uamuzi kwa walio nje kawaida unachukua wiki tatu, kwa hiyo asingoje Agosti.

Mwanangu amekataliwa kote, amejifungia chumbani hataki hata kuongea. Nifanyeje?

Mwache siku mbili tatu. Usimtajie mtoto wa fulani. Halafu mkae wote mfungue ile orodha pamoja, mchague vyuo vitatu tu, apige simu moja ukiwa pembeni yake. Nimeona mara nyingi kwamba simu ya kwanza ikipokelewa na mtu anayesema kwa furaha ndiyo bado tunapokea, mtoto anabadilika sura pale pale, maana kwa miezi miwili alikuwa anasikia hapana tu.

Nimepata nafasi Julai! Sasa nini haraka zaidi?

Hongera, na usilale. Bweni kwanza siku hiyo hiyo, kisha ongeza chuo kwenye FAFSA kama hukufanya, kisha fomu ya chanjo maana vyuo vingi haviruhusu kujisajili bila hiyo na kupata rekodi za chanjo kunachukua muda kuliko unavyodhani, hasa kama ulichanjwa nchi nyingine. Bima ya afya chuo kitakuwekea kwenye bili, kama tayari unayo jaza fomu ya kuiondoa kabla ya tarehe yake, ni dola mamia na mara nyingine maelfu. Mtihani wa kupangiwa madarasa ya hisabati na Kiingereza kama upo ufanye mapema kwa sababu wewe unachagua masomo wa mwisho na madarasa ya saa nzuri yameshajaa. Angalia imeli ya chuo kila siku, sio ile yako ya zamani, kila kitu kuanzia sasa kinatumwa huko. Na vile vyuo vingine ulivyokuwa unaongea navyo waandikie sentensi mbili uwashukuru na uwaambie hutakuja, ili wampe mwingine.